Tungule Baada ya Masika

Jumatatu, 5 Juni 1995

Nimechemsha mchicha, nikamwaga maji. Nikachemsha tena, nikamwaga tena. Ndivyo alivyonifundisha muuguzi. Kuna chumvi ndani ya mboga isiyoonekana wala kuonjeka, na figo za mume wangu Athmani haziwezi tena kuitoa. Hutoka na maji. Kilichobaki sufuriani hakina rangi wala harufu. Nimempelekea kwa wali kidogo. Amekula vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani.

Kesho zamu yake ya mashine. Damu hutolewa kwa mpira, ikaoshwa, ikarudishwa. Hurudi nyumbani hoi kama hamali. Siku ya pili huwa mtu. Siku ya tatu huanza kuvimba. Hivi ndivyo tunavyoishi tangu Ramadhani.

Mama yake alisimama mlangoni mwa jiko akiyatazama yale maji ya kijani yakienda shimoni.  

Ijumaa, 9 Juni

Pilau kwa Mama, mkwe wangu, na binti yetu Nasra. Kwa Athmani wali mweupe, samaki asiye na chumvi, na saladi niliyoruhusiwa: kabichi, tango, kitunguu kidogo, siki. Tungule, nyanya kama aitavyo muuguzi, haramu: zimejaa chumvi ile. Ndizi haramu, mbatata haramu, machungwa, maharagwe. Navikariri kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Tangu tuoane kachumbari ya Ijumaa ni kazi yake, si yangu. Wiki nzima mikono yake ilikuwa ndani ya injini za boti kule Liwatoni. Ijumaa aliisugua kwa sabuni na ndimu mpaka ikang'ara, akaketi uwani na kisu chake, asimruhusu mtu kugusa. Watu walijialika kwetu kwa ajili ya kachumbari ile. Ndugu zangu walinicheka: mume wako apika! Sikujali. Ilikuwa tamu.

Sasa mikono yenyewe imevimba. Pete ilibidi ikatwe na sonara.

Alitafuna kabichi, akatema. "Majani ya mbuzi haya." Nasra akacheka. Baadaye nikamsikia akilia chooni. Ana miaka kumi na mitano. Anaelewa kila kitu.

Jumatano, 14 Juni

Marikiti. Masika yamekwisha na mboga zimefumuka kana kwamba hazijawahi kuota duniani. Mafungu ya figili na udongo wake. Matango mabichi yenye miba midogo. Majani ya saladi yamelowa, dania mpaka chini kwenye magunia. Na tungule. Kila upande tungule, zimepangwa piramidi, nyekundu, nono, rahisi. Nilipita baina yao kama mtu anayepita mtaa wa mke mwenza.

Nimenunua kabichi.

Kadzo, anayeniuzia mboga siku zote, mama wa Kaloleni, aliuliza mbona sinunui kitu. Nikamwambia. Akasema atamwombea kanisani kwao. Nikasema amina. Sina tena nafasi ya kuchagua dua.

Jumanne, 20 Juni

Mashine imekufa.

Tulikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi. Adhuhuri wakatuambia kuna kipuri kimevunjika, na kipuri chatoka ng'ambo. Ng'ambo wapi? Muuguzi hajui. Lini? Hajui.

Athmani akaomba aonyeshwe. "Nifungulieni niitazame tu. Mimi fundi." Alisema kwa adabu, kama anayeomba kazi. Wakatabasamu. Hairuhusiwi. Basi akaketi mbele ya mlango ulio wazi akaikodolea macho mle ndani ilimo, mashine nyeupe iliyofunikwa shuka. Nilijua anachofanya. Alikuwa akiifungua kichwani, skrubu moja moja.

Tulirudi nyumbani na damu ile ile.

Ijumaa, 23 Juni

Nimegombana na Mama. Sijawahi kumjibu tangu niingie nyumba hii, leo nimemjibu.

Alinikuta namwaga maji ya mboga. "Mwanangu yuwafa ndaa, na wewe wamwaga chakula shimoni."

Nikamwambia si njaa, ni amri ya daktari.

"Daktari hakumzaa."

"Wala mimi sikumzaa, Mama. Lakini mimi ndiye nimpelekaye chooni."

Amejifungia chumbani kwake. Nasra amempelekea chai, imerudi haikuguswa. Athmani amesikia yote. Hakuchukua upande. Hana nguvu ya kuchukua upande.

Sijuti. Nimechoka.

Jumanne, 27 Juni

Mashine bado. Safari hii hata benchi hatukukalia. Daktari akasema labda Nairobi, kisha yeye mwenyewe akasema huko nako majina ya wanaongoja ni mengi. Athmani akatikisa kichwa kabla hajamaliza. Hataki kufia njiani. Hataki kufia kwa watu asiowajua. Amesema neno hilo, kufia, kwa sauti ya kawaida, kama anataja kituo cha basi.

Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikamfunga kamba za viatu, maana hawezi kuinama.

Alhamisi, 29 Juni

Anajikuna kwa kitana mpaka damu. Pumzi yake imebadilika harufu. Nafungua dirisha nikisingizia joto, na huu ni wakati wa kusi, baridi ya kujifunika.

Mama anamkalia nikiwa shuleni kuuza vitumbua. Nashukuru kwa hilo. Hatusemezani lakini nashukuru.

Jumapili, 2 Julai

Athmani aliniita nikae kitandani.

"Mama Nasra. Ijumaa nataka kachumbari."

"Nitakukatia, Baba Nasra."

"Si hiyo. Ya kweli. Na tungule."

Nikamwambia wajua wazi itakufanya nini. Akasema ajua. Nikamwambia basi usiniombe. Usinitie mkononi kitu kama hicho. Niombe nikubebe mgongoni mpaka Nairobi, nitakubeba. Hilo usiniombe.

 Aligeukia ukutani. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Nimekuwa askari jela ndani ya nyumba yangu. Mfungwa ni mtu ninayempenda, na kosa lake hakuna anayelijua.

Jumanne, 4 Julai

Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Kijana, mpole, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilimuuliza bila kuzunguka. Mashine? Haijapona. Ikipona kesho? Akasema moyo wa Athmani umeshachoka, watajaribu, lakini nisitarajie makubwa.

Nikauliza kuhusu tungule. "Usimpe, mama."

Nikauliza, nisipompa atapona?

Akatazama saa ya ukutani.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Watu waliniamkia njiani, nikawaitikia wote, mmoja mmoja, na sikumbuki hata uso mmoja.

Jumatano, 5 Julai

Nimemwambia nitamkatia. Akasema, "Ahsante." 

Ijumaa, 7 Julai

Nataka kuiandika yote siku hii.

Nilifika Marikiti mapema, hamali bado wanapakua magunia. Nilichagua kama alivyonielekeza: tungule ngumu kidogo, zisizowiva mpaka zikalegea. Matango membamba. Figili zenye majani yake, ili nijue zimeng'olewa jana. Kitunguu chekundu. Fungu la saladi, fungu la dania, pilipili mbichi, ndimu. Kadzo akaniuliza kama nina wageni leo. Nikasema ninao.

Nasra na Mama walimtoa Athmani nje, wakamlaza uwani kwenye kitanda cha kamba, mito mgongoni. Nikaketi mbele yake na ubao na kisu chake. Mara ya kwanza kukishika. Kizito mbele, chepesi nyuma.

Kitunguu kwanza. Chembamba mpaka uone kisu upande wa pili. Nikakifikicha kwa chumvi, nikakiosha, nikakikamua, mara mbili, mpaka ukali ukatoka. Tango, alinitaka nikate ncha na kuisugua pale pale palipokatwa, povu jeupe likatoka. "Huo ndio uchungu wake. Futa." Figili nyembamba kama karatasi. Saladi si kwa kisu. Nichane kwa vidole.

Nikaanza tungule. Nilizibonyeza, zikapasuka.

"Waikata kama adui yako," akasema.

"Ni adui yangu."

Akacheka. Wallahi alicheka, meno yote. Akaninyooshea mkono, nikampa kisu na tungule moja. Akaikata mwenyewe. Polepole, vidole vimevimba kama mihogo, lakini kila kipande sawa na mwenzake. Akanirudishia kisu, kifua kikipanda na kushuka. Nikamaliza zilizobaki kwa kumuigiza.

Nilitaka kukamua ndimu, akanizuia. Mpaka sahani iwe mbele ya mlaji. Ndimu ikitangulia, tungule hulia maji yote.

Basi nikakamua mbele yake. Dania juu. Pilipili kidogo. Rangi ile! Kijani, nyekundu, nyeupe, waridi ya figili. Tangu Ramadhani nyumba hii haijaona rangi kwenye sahani.

Alikula na pilau, kisha bila pilau. Mama alikula naye sinia moja, akimchagulia vipande, akimtia kinywani kama mtoto. Akaniambia, neno la kwanza baada ya wiki mbili, "Leo umempikia mwanangu." Nami nilikula. Nasra hakula. Aliketi kizingitini akinitazama, si baba yake, mimi. Mwisho Athmani akainua bakuli akanywa yale maji ya chini, ya ndimu na tungule.

Akalala uwani pale pale, mdomo wazi, kijani cha dania pembeni ya mdomo. Sikumfuta. Nilimwacha.

Siku njema. Nasema hivyo nikijua ninachosema.

Jumamosi, 8 Julai

Nilikwenda kumwaga taka. Nyuma ya pipa, vifuu vya madafu. Si kimoja. Vingine vimeshakauka, vingine vya jana.

Nilimuuliza Athmani. Akafumba macho. Nikamuuliza Mama. Hakuficha hata kidogo. Kila siku nikitoka na vitumbua humpa dafu. Huosha figo, akasema. Mamake alimtibu hivyo mumewe. Wazee wote wajua.

Dafu. Muuguzi alilitaja dafu kabla ya tungule, limejaa chumvi ile ile. Alirudia. Nami sikumwambia Mama, kwa sababu nilikuwa nimenuna, kwa sababu yeye alikuwa amenuna. Nilidhani kumkataza Athmani peke yake kunatosha.

Nimemwambia asimpe tena. Akaniuliza kwa nini. Nikafungua mdomo, nikaona uso wake, nikasema daktari hataki. "Daktari hataki kitu," akasema, akaenda kutia udhu.

Athmani anasema miguu imekuwa mizito. Midomo inamchonyota. Tangu asubuhi.

Jumapili, 9 Julai

Athmani amefariki.

Alfajiri hakuweza kuinuka. Jirani akaleta gari. Nilimshika kichwa njia nzima. Aliuliza tumefika wapi, nikamwambia tumekaribia. Tulikuwa bado hatujatoka mtaani.

Daktari yule yule. Moyo ulikwenda polepole, ukaenda polepole zaidi, ukasimama. Akaniuliza alikula nini. Nikasema kachumbari. Nikasema madafu. Akasema pengine ingekuwa wiki ijayo hata bila hivyo.

Pengine.

Wamemzika baada ya alasiri. Nimeingia eda.

Jumatano, 12 Julai

Matanga yameanuliwa. Nyumba imejaa wanawake tangu Jumapili, leo wameondoka wakiacha mikeka imekunjwa na sufuria za watu. Wote wamesema kazi ya Mungu haina makosa. Nimeitikia kila mmoja.

Kwenye hitima palikuwa na pilau. Mtu, sijui nani, alikata kachumbari akaiweka kwenye masinia. Mbaya. Vipande vikubwa, kitunguu hakikuoshwa, ndimu imetangulia. Wanawake waliila yote.

Nasra hajaniambia neno. Anafanya kila ninachomtuma. Hanitazami.

Jumatatu, 17 Julai

Nguo nyeupe, chumba kile kile. Sitoki mpaka eda iishe. Nasra ndiye aendaye sokoni sasa. Anarudi na mbatata na maharagwe, vyakula vyote tulivyokatazwa. Napika. Sionji chumvi yake. Hakuna wa kumkataza chochote tena, na sijui nifanye nini na uhuru huu.

Kuna wakati namchukia Mama. Naandika kwa kuwa ni kweli. Namsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta na nayaona madafu yale, moja moja. Neno ninalo mdomoni. Nikilisema litamuua, na kuna saa nalitaka lifanye hivyo.

Kisha naikumbuka ile Ijumaa, kisu mkononi mwangu.

Ijumaa, 21 Julai

Mama amenijia yeye mwenyewe. Aliketi kwenye mkeka, akapanga kanga yake, akaipanga tena.

"Mwanangu, nambia haki ya Mungu. Ni lile dafu?"

Siku hizi zote nilikuwa nimeliweka tayari lile neno. Nililitafuta, lilikuwepo.

"Hapana, Mama. Siku zake zilikuwa zimefika."

Alinitazama muda mrefu. Hakuniamini. Nilimwona asivyoniamini. Wala hakuniuliza kuhusu kachumbari, na alikuwepo, alikula sinia moja naye, alimtia kinywani kwa mkono wake. 

Tukakaa. Hakuna aliyepata nafuu. Nilidhani uongo ule utanipunguzia kitu, au utampunguzia yeye. Haukupunguza.

Jumanne, 25 Julai

Nasra amezungumza. Tulikuwa tunachambua mchele. Alisema, bila kuinua kichwa, "Nilikuwa naweza kuimwaga. Ile Ijumaa. Nilikuwa karibu na bakuli."

Nikamwambia asithubutu kulibeba hilo. Nikamwambia ni mimi. Akasema ajua ni mimi.

Akaendelea kuchambua.

Jumapili, 30 Julai

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, umeandama. Watoto wa chuoni wanajifunza kaswida msikitini, kila mmoja na sauti yake. Mvua nyepesi asubuhi, kisha jua.

Mama hawezi tena kuona mbali kupita mkono wake. Baada ya adhuhuri alikuja na wembe, akaunyoosha kwangu, akakaa akaweka mguu wake mapajani mwangu. Kucha zimekuwa ndefu, zimejikunja. Athmani ndiye aliyekuwa akimkatia.

Niliziloweka kwanza kwenye maji ya moto. Nikamkatia taratibu, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kidole kidogo kilinipa taabu. "Polepole," akasema. "Haya," nikasema.

Nilipomaliza nikakusanya vipande kwenye karatasi. Alikuwa amesinzia akiwa ameketi. Sikuuondoa mguu wake. Nasra akatuletea chai, akaweka vikombe viwili chini, akaondoka.